NENO LA MWANAKIJIJI LAFIKA WAPI?

Mzazi mmoja ametuletea barua yenye maneno machache na uchungu mwingi. Atuambia kwamba kijijini kwake hupigwa mbiu ya mkutano, watu huacha majembe yao, hukaa chini ya mti tangu saa nne hadi jua la utosi, husema shida zao, nazo huandikwa. Kisha mwaka hupita, na mwaka mwingine, wala hawaoni kilichotokea. Mwisho auliza: “Je, kuna faida gani kwenda kusema, na hali mambo yote yamekwisha kuamuliwa na wakubwa?”

Hatukutaka kumjibu mzazi huyu kwa mistari miwili katika ukurasa wa barua. Swali lake ni la watu wengi, nasi twakiri kwamba tumelisikia hata nje ya milango ya kanisa baada ya Misa, likisemwa kwa sauti ya chini. Tena si manung'uniko matupu. Ndani yake mna jambo la kweli ambalo yafaa tulichambue polepole: mipango ya kupunguza umaskini hufanywaje, na neno la mtu maskini huingilia mlango gani.

Wazo la kuwashirikisha watu si geni kwetu. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake liitwalo Uhuru na Maendeleo, akaeleza kwamba maendeleo ya kweli hutokana na watu wenyewe, kwa kufikiri kwao na kuamua kwao. Lakini haikupita miaka mingi. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamekwisha kuhamia. Mamilioni ya watu walihama. Wako waliopata shule na zahanati ambazo baba zao hawakuziona, wala hatulikatai hilo. Wako pia walioacha mashamba yenye rutuba na makaburi ya wazee wao, wakapangwa mstari mmoja kando ya barabara mahali ambapo udongo wake hawakuujua. Na kwa kuwa halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972, mtu aliyetaka kusema kwamba mahali fulani hapana maji, au mahali fulani hufurika masika, hakuwa tena na baraza la wilaya la kulipelekea neno lake. Nia ya walioamuru ilikuwa njema. Walichokosa ni ujuzi wa yule akaaye mahali penyewe, na ujuzi huo hauwezi kupatikana isipokuwa kwa kumwuliza.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, nazo za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Tutairudia sheria hiyo hapo chini, maana ndiyo hasa iliyo mkononi mwa msomaji wetu.

Ilipofika mwisho wa miaka ya 1990, nchi yetu ilikuwa imelemewa na madeni ya nje. Papa Yohane Paulo II alikuwa amekwisha kusema mwaka 1994 kwamba Jubilei ya mwaka 2000 iwe wakati wa kuzipunguzia nchi maskini mizigo hiyo, na watu wengi duniani, wa dini na wasio wa dini, walidai hivyo kwa sauti kubwa. Basi mwezi Septemba 1999 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zikakubaliana na neno jipya: nchi itakayo nafuu ya deni sharti iandike mkakati wake wa kupunguza umaskini, tena iuandike kwa kuwashirikisha wananchi. Hapa mtu aweza kucheka kidogo. Wakopeshaji, ambao kwa miaka mingi walitoa masharti bila kumwuliza mwananchi yeyote, sasa walitoa sharti kwamba wananchi waulizwe! Hata hivyo mlango ukifunguliwa, haina maana kukaa nje kwa sababu tu hatukumpenda aliyeufungua.

Kazi ilikwenda mbio. Andiko la awali lilikuwa tayari mwezi Machi 2000. Mwezi Mei yakafanyika makongamano ya kanda, saba kwa hesabu, ili kusikiliza watu. Walihudhuria 804, na kati yao 426 walikuwa wanavijiji. Waliosalia walikuwa madiwani, wakurugenzi wa wilaya na wajumbe wa mashirika. Wanawake hawakufikia hata robo. Mwezi Oktoba mwaka uleule mkakati ukakamilika. Tafakari sasa, msomaji: wanavijiji 426 wakaitwa kuisemea nchi ambayo sensa ya mwaka 2002 iliihesabia watu milioni 34.4. Tena andiko lenyewe liliandikwa kwa Kiingereza. Waliosaidia kuliteremsha hadi barazani ni watu wa shirika la HakiKazi Catalyst la Arusha, ambao mwaka 2001 walitoa kitabu cha maneno mepesi chenye vikatuni vya Masoud Kipanya, ili mtu asiye mtaalamu aelewe serikali imeahidi nini. Kwa maoni yetu kitabu kile chembamba kilifanya kazi kubwa kuliko makongamano mengi, kwa sababu mtu hawezi kudai ahadi asiyoijua.

Je, yalizaa kitu? Hapa twamsihi mzazi aliyetuandikia asome kwa makini, maana jibu letu si ndiyo tupu wala siyo tupu.

Wakati ule ada ya shule ya msingi ilikuwa mwiba katika kila nyumba. Baba mwenye watoto wanne alikuwa akichagua yupi asome na yupi achunge, na mara nyingi aliyeachwa alikuwa msichana. Katika mkakati ule serikali iliandika ahadi ya kuiondoa ada hiyo, na mwaka 2001 ikaondolewa. Mwaka uliofuata ukaanza mpango wa MMEM wa kujenga madarasa na kuajiri walimu. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 2000 walikuwa milioni 4.4, mwaka 2005 walifika milioni 7.5. Hatusemi kwamba makongamano yale saba peke yake ndiyo yaliyoleta jambo hili. Nafuu ya deni ilileta fedha, na wenye kupiga kelele walikuwa wengi, ndani na nje ya nchi. Lakini kilio cha wazazi kilikuwa kimoja, chajulikana, chaelezeka kwa neno moja, na kilipoandikwa katika andiko rasmi hakikuweza kufutika kwa urahisi. (Kwamba watoto walikwenda kusongamana mia katika chumba kimoja ni habari nyingine, nayo yahitaji makala yake.)

Jambo la pili ni kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Watu wazima wa leo wakumbuka jinsi mgambo walivyoweka vizuizi njiani siku za gulio, na jinsi wanaume walivyolala porini kwa hofu. Wananchi walipoulizwa juu ya umaskini wao, hawakutaja ukame na magonjwa tu, walitaja na watoza kodi. Mwaka 2003 kodi hiyo ikafutwa, pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo uliokuwa kero. Watu walishangilia, nao walikuwa na haki. Lakini tazama upande wa pili: halmashauri zilipoteza sehemu ya mfuko wao wenyewe, zikazidi kutegemea fedha kutoka Hazina. Na fedha itokayo mbali huja na maagizo yake. Hivyo mwanakijiji alishinda katika neno moja na, bila kujua, akapungukiwa nguvu katika neno jingine.

Baadaye ulikuja MKUKUTA, mwaka 2005, na wa pili wake mwaka 2010; huko Zanzibar ukaja MKUZA.  Na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, ilitanguliwa na ukusanyaji wa maoni ya watu zaidi ya milioni 1, hata kwa njia ya simu. Kutoka 426 hadi milioni ni safari ndefu, nasi twaisifu. Lakini wingi wa walioulizwa bado haujibu swali la mzazi wetu. Yeye hakuuliza kwa nini hakuulizwa. Ameulizwa mara nyingi! Auliza kwa nini hajibiwi.

Tutazame kwa jirani zetu wa Uganda, maana walijifunza jambo hili kwa njia ya ajabu. Mwaka 1996 walifuatilia fedha ambazo serikali ilizipeleka katika shule za msingi kwa mahitaji yasiyo mishahara, kati ya mwaka 1991 na 1995. Wakaona kwamba kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotoka Hazina, zilizofika shuleni ni 13. Nyingine zilipotelea njiani, katika ofisi za wilaya. Wazazi walikuwa wakichanga mwaka hata mwaka, wakidhani serikali haitoi kitu. Walimu wakuu wengi hawakujua hata kama wanastahili kupata. Ndipo serikali ikaanza kutangaza katika magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kuagiza shule zibandike ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001 kilichofika shuleni kilikuwa kimepita shilingi 80 katika 100. Wataalamu wamebishana tangu hapo: wengine husema ni magazeti yaliyofanya kazi hiyo, wengine husema zilikuwapo na taratibu nyingine za fedha zilizobadilishwa wakati uleule. Sisi, kwa kuwa ni watu wa gazeti, huenda tukapenda mno maelezo ya kwanza, basi msomaji atusamehe. Lakini hakuna abishaye kwamba mzazi ajuaye ni kiasi gani kilichotumwa huuliza swali tofauti na mzazi asiyejua.

Sasa turudi kijijini.

Katiba yetu, ibara ya 21, yampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika maamuzi yamhusuyo yeye, maisha yake na taifa lake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile Namba 7 ya mamlaka za wilaya, yaitelemsha haki hiyo hadi chini ya mwembe. Yasema kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika kuamua sera za kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, si bwana wa mkutano huo. Ni mtumishi wake. Mkutano wapaswa kuitwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Tumekuta wakristo wetu wengi, hata wazee wa kanisa, wasiolijua hili. Hudhani mwenyekiti awaita kwa hisani yake.

Na njia ya mpango ni hii. Kijiji hukaa, hutaja fursa zake na vikwazo vyake, huchagua kipi kitangulie. Mpango hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya uenyekiti wa diwani. Kutoka kata huenda halmashauri ya wilaya, kisha mkoa, kisha wizarani na Hazina, na mwisho Bungeni, ambako bajeti hujadiliwa tangu Aprili hadi Juni ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Kwa hiyo mtu ambaye husubiri kusikia bajeti redioni mwezi Juni ndipo atoe maoni yake, amechelewa. Neno lake lilitakiwa kusemwa kijijini kabla ya Krismasi.

Katika njia hiyo iko ngazi moja ambayo yavunja mioyo ya watu wengi, nayo huitwa ukomo wa bajeti. Hazina huiambia kila halmashauri: mwaka huu msipite kiasi hiki, na katika kiasi hiki fungu hili ni la madarasa, lile ni la zahanati. Hapo maombi ya vijiji 60 hukutana na fedha za vijiji 6.

Tulipata kuyaona haya kwa macho yetu katika parokia moja ya mashambani tuliyoitumikia. Akina mama wa kijiji kimoja walisema kwa kauli moja kwamba jambo la kwanza ni pampu ya kisima, iliyokufa misimu miwili. Walikuwa wakiamka usiku kwenda mtoni. Ikaandikwa. Miaka miwili baadaye lori lilileta saruji na nondo za darasa. Darasa ni jambo jema, na bila shaka wako waliolihitaji. Tulipouliza huko juu tukaambiwa, kwa upole na kwa kweli, kwamba fedha ile ilikuja ikiwa na jina lake, haikuweza kugeuzwa kuwa pampu. Basi hapakuwa na mwizi, wala mwongo. Lakini katika miaka ile miwili hakuna mtu hata mmoja aliyerudi chini ya mti ule kuwaambia akina mama: “Mliomba pampu, haikupatikana, na sababu ni hii.” Safari ya pili mbiu ilipolia, akina mama hawakuja. Walikuwa mtoni.

Mtu mzima aweza kuvumilia kukataliwa. Kunyamaziwa ndiko kunakomfundisha kwamba yeye si kitu.

Iko na shida nyingine, nayo haitoki juu, yatoka kwetu wenyewe. Tangu mwaka 2012 umekuwapo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, chini ya TASAF, ambao huzipa fedha nyumba zilizo na hali mbaya kabisa. Ili kuzipata, wanakijiji wenyewe huitwa wazitaje. Majina huandikwa, hali ya kila nyumba huhojiwa, kisha orodha hurudishwa mkutanoni ikubaliwe. Ni utaratibu mzuri, maana nani ajuaye njaa ya nyumba kuliko jirani asikiaye kinu kisicholia? Lakini tuliwahi kukaa katika mkutano wa namna hiyo, tukajifunza. Wenye sauti walitajana. Mtu mmoja alimtaja shemeji yake, ambaye ana ng'ombe. Wengine walikaa kimya wasije wakatiwa aibu mbele ya wakwe zao. Na walio maskini kuliko wote hawakuwapo kabisa. Mmoja alikuwa akiuguza. Mwingine hakuwa na kanga nzima ya kutokea mbele za watu. Wa tatu alikuwa na deni la michango ya kijiji, akaogopa kukutana na mtendaji. Mkutano ulioitwa kwa ajili yao ulikuwa karibu kumalizika bila majina yao, mpaka mama mmoja, jirani tu, aliposimama akasema, “Na mama fulani wa kule bondeni je? Nani amemsahau?” Mwanamume mmoja akajibu kwamba hakuja mkutanoni. Yule mama akamwambia, “Angekuwa na nguvu ya kuja, baba, tusingekuwa na haja ya kumwandika.” Akaandikwa.

Basi, ndugu mzazi, faida ya kwenda ndiyo hiyo kwanza: usipokwenda wewe mwenye nguvu ya kutembea, asiyeweza kutembea hana mdomo. Lakini hatutaki uende kama ulivyokwenda zamani, kusema na kuondoka. Nenda na mkeo. Neno la maji mwanamume hulisema kwa kusikia, mwanamke hulisema kwa bega lake. Nenda na kijana wako wa miaka 18, maana sheria imekwisha kumhesabu. Nenda na daftari. Msitaje shida kumi, kwa kuwa shida kumi hupotea zote pamoja. Taja moja au mbili, ziingie katika muhtasari kwa maneno yale yale mliyoyasema. Kisha mwulize diwani wenu, kwa heshima lakini mbele ya watu, neno lile lilifika kata tarehe ngapi, na huko wilayani lilijibiwaje. Kama jibu ni kwamba fedha haikutosha, liandikwe hilo nalo. Wale wa mijini, ambao mara nyingi hatuwaoni mikutanoni kabisa, wanao mkutano wa mtaa, wala wasidhani habari hizi ni za wakulima peke yao.

Viongozi wa vijiji na mitaa waliochaguliwa Novemba 2024 wamepewa miaka mitano. Wengi wao twawajua; ni watu wa kawaida, hawalipwi cha kutosha, tena hulaumiwa kwa makosa ya ofisi wasizozifikia. Wao nao hupeleka maneno juu wasijibiwe. Swali lililoandikwa vizuri na mkutano mzima huwasaidia, kwa kuwa mwenyekiti aendaye kata na sahihi za watu 200 hasikilizwi kama yule aendaye peke yake.

Kile kijiji cha pampu tulikihama kwa agizo la Askofu, lakini tulipita huko tena baadaye, siku ya mkutano. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kufungua, akawauliza watu safari hii wapendekeze nini. Bibi mmoja mzee akanyosha mkono, akasimama kwa kushika bega la mjukuu wake. “Mwenyekiti,” akasema, “kabla hujatuuliza tutakacho, utusomee kwanza tulichosema.” Daftari la muhtasari halikuwapo. Watu hawakupiga kelele. Walikubaliana tu kwamba mkutano uahirishwe wiki mbili, daftari litafutwe. Likapatikana katika kabati la ofisi ya kata, na neno la pampu lilikuwamo, ukurasa wa nne.

Tulipoondoka walikuwa wakiandika barua ya kuuliza.